SOMO LA WASHIRIKA: SIKUKUU YA CHOKOLETI NA MIZANI YA SHUME

Mti wa kakao hauwezi kustawi Shume. Huhitaji joto na mvua nyingi, kama ilivyo Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, wilaya itoayo sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Shume ni nchi ya baridi na ukungu. Mali yake ni viazi, kabichi, karoti, mapeasi na plamsi. Hata hivyo, habari ya chokoleti ina funzo kwa vyama vya milimani.

Mji usiolima kakao

Huko Italia uko mji wa Perugia, uliojengwa juu ya kilima. Kakao haioti katika mashamba yake. Lakini tangu miaka ya 1990 hufanyika huko sikukuu ya chokoleti iitwayo Eurochocolate, na wageni humiminika kuonja, kununua na kuwatazama mafundi wakichonga sanamu za chokoleti. Kakao hutoka nchi za joto. Sifa hubaki kilimani.

Sifa hiyo haikupatikana kwa siku moja. Kiwanda cha Perugina kilianzishwa mjini humo mwaka 1907. Mwaka 1922 Luisa Spagnoli, mmoja wa waanzilishi, alibuni kitamu kiitwacho Bacio, yaani busu. Husimuliwa kwamba alichukua vipande vya njugu za hezeli vilivyobaki kiwandani, akavichanganya na chokoleti ili visitupwe. Masalia yakawa bidhaa ya kuutangaza mji. Sikukuu ilikuja miaka 70 baadaye. Kazi ilitangulia, ngoma ikafuata.

Ubora huanzia kwa mkulima

Mbegu mbichi ya kakao ni chungu. Ili ipate ladha, huvundikwa katika masanduku ya mbao kwa siku tano hadi saba, ikifunikwa kwa majani ya migomba na kugeuzwa. Kisha huanikwa mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 7 hivi. Lundo dogo la mkulima mmoja halipati joto la kutosha. Mbegu za wengi zikikusanywa pamoja, huvunda sawasawa na bei hupanda. Hapo ndipo nguvu ya umoja huonekana wazi.

Hasara ya lumbesa

Mkulima wa Shume naye hupoteza mali yake akiuza peke yake barabarani. Mfano: gunia la lumbesa lenye kilo 130 likilipwa kama la kilo 100, kilo 30 zimekwenda bure. Katika magunia 20 hizo ni kilo 600, yaani magunia sita kamili. Sheria ya Vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia, lakini sheria bila mizani haimsaidii mkulima.

Hatua kwa chama cha msingi

1. Mazao yapimwe mbele ya mwenye mali, na katibu amwandikie stakabadhi papo hapo.

2. Yapangwe kwa madaraja. Kiazi kikubwa kisichanganywe na kidogo, wala plamsi nzima na iliyopondeka.

3. Masalia yasitupwe. Matunda yaliyoiva mno, lakini hayajaoza, hufaa kwa jemu, mengine hukaushwa.

4. Bidhaa ibebe jina la chama. Kiwanda cha Perugina kiliuzwa mwaka 1988 kwa kampuni ya Nestlé ya Uswisi, na jina likaenda pamoja nacho. Jina la chama ni mali ya wanachama wote, na lilindwe kama akiba yao.

Hatua hizo zikishika mizizi, siku ya maonyesho ya mazao ya Shume itakuwa na cha kuonyesha. Wahenga walisema, chema chajiuza. Lakini chema kisichopimwa huuzwa kwa bei ya kibaya.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Katika msimu uliopita, ni kilo ngapi za wanachama zilizokwenda bure kwa lumbesa?

2. Chama kina mizani iliyokaguliwa? Kama hakina, kila mwanachama atachangia nini ili inunuliwe?

3. Ni masalia gani ya shambani yanayoweza kuwa bidhaa?