Mama Aliyekoma Hedhi Akiona Damu Tena

Mara nyingi bibi aliyekoma hedhi akiona tone la damu hunyamaza. Binti yake humwonea haya, na mumewe hamwambii kabisa. Wengine hutaniana kwamba ujana umerudi. Ujana haurudi hivyo. Damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata mara moja, hata bila maumivu, mama aende hospitali.

Si kila damu ya namna hiyo ni kansa. Kati ya akina mama 10, mmoja hivi ndiye hukutwa nayo. Lakini kansa ya utando wa ndani wa mji wa mimba ina nafuu moja: hujitangaza mapema. Wagonjwa 9 hivi kati ya 10 huona damu, mara nyingi ugonjwa ukiwa haujatoka nje ya mji wa mimba, nao wengi wa hao hupona.

Tusiichanganye na kansa ya mlango wa kizazi, inayoletwa na virusi. Hii huanzia ndani zaidi. Homoni ya estrojeni huunenepesha utando ule, na projesteroni huutuliza. Estrojeni ikitawala peke yake muda mrefu, tezi za utando huongezeka na kusongamana, na seli zake huweza kugeuka kansa. Mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni hata baada ya hedhi kukoma; ndiyo maana akina mama wanene wamo hatarini zaidi, pia wenye kisukari na wasiopata kuzaa. Ipo aina nyingine, kali zaidi, inayowapata wazee hata wakiwa wembamba. Kansa ikiachwa huchimba msuli wa mji wa mimba, hufika kwenye ovari, tezi za limfu, hata mapafu.

Kipimo cha mlango wa kizazi hakitoshi kuigundua. Daktari huchukua kipande kidogo cha utando wenyewe, kikatazamwe kwa darubini. Tiba kuu ni kuondoa mji wa mimba pamoja na mirija na ovari. Wengine huongezewa mionzi.

Wapo wanaoogopa kwamba upasuaji huo ni dhambi. Sivyo. Papa Paulo wa VI, katika waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 15, aliruhusu tiba ya lazima ya ugonjwa wa mwili hata kama inazuia uzazi.

Mama akifika kwa daktari aseme hedhi ilikoma lini, damu ilionekana siku gani, na dawa anazotumia, hasa kama amewahi kupewa tamoksifeni kwa kansa ya titi.