Upungufu wa Damu Utokanao na Sumu ya Risasi, na Athari Zake Tumboni

Mtoto anapolalamika tumbo na kope zake zikawa zimepauka kwa ndani, wazazi wengi hudhani ni minyoo. Dhana hiyo mara nyingi huwa sahihi, lakini si kila mara. Madini ya risasi, yapatikanayo katika betri za magari na katika baadhi ya rangi za nyumba, huleta dalili kama hizo, na dawa ya minyoo haiyaondoi.

Damu hutengenezwa katika uboho wa mifupa. Risasi huzuia utengenezaji wa himoglobini, yaani ile sehemu ya chembe nyekundu ichukuayo oksijeni. Aidha, huzifupishia chembe hizo umri wake, ambao kwa kawaida ni siku 120 hivi. Damu ikipungua sana, mwili hutanguliza ubongo na moyo. Tumbo hupata kidogo, na mgonjwa hukosa hamu ya chakula. Wakati huo huo, risasi yenyewe huvuruga neva na misuli ya utumbo. Ndipo huja msokoto mkali wa tumbo na kufunga choo.

Ikumbukwe pia kuwa utumbo wa mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma hufyonza risasi zaidi. Kwa hiyo mtoto asiyepata lishe bora ndiye adhurikaye upesi. Watoto wadogo huweza kufyonza hadi nusu ya risasi waliyoimeza, ilhali mtu mzima hufyonza takriban sehemu moja katika kumi.

Hatari hii si ya mbali. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kwa madhara ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu.

Hivyo basi, wananchi wanashauriwa kutovunja wala kuyeyusha betri majumbani. Mafundi wa betri na rangi wanawe mikono kabla ya kula, na wabadilishe nguo za kazi kabla ya kuwabeba watoto. Mzazi afikapo hospitali amweleze daktari kazi yake, ili damu ya mtoto ipimwe risasi. Vidonge vya kuongeza damu peke yake havitoshi iwapo chanzo cha sumu kingali nyumbani.