MBWA MWENYE PUPA: JINSI YA KUANZA KUMFUNDISHA KURUKA

Katika nchi ya Wasukuma, tangu Shinyanga hata Geita, si ajabu kumkuta mbwa katika mji wa mfugaji. Usiku hulinda zizi, na mchana hufuatana na wachungaji. Lakini wako mbwa wachanga wenye pupa: wakiona ndama huwafukuza, wakiona mgeni humrukia kifuani, na wakiitwa hawasikii. Wenyewe huwapiga, au huwafunga kamba mchana kutwa, nao huzidi ukali. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu njia iliyo bora, yaani kumfundisha mbwa kuruka na kupita vizuizi kwa amri.

Mchezo huu ulionyeshwa London mwezi wa Februari, mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa yaitwayo Crufts. Bwana John Varley na Bwana Peter Meanwell waliutengeneza ili kuwafurahisha watazamaji, wakaiga mashindano ya farasi warukao viunzi. Tangu hapo umeenea katika nchi nyingi. Sisi hatutafuti mashindano. Twatafuta faida yake, nayo ni kuwa mbwa amsikie bwana wake hata wakati moyo wake unapotaka kukimbia.

Kwanza, utulivu. Usianze kwa kuruka, maana mbwa mwenye pupa akianza hivyo pupa yake huongezeka. Twaa dagaa waliochemshwa bila chumvi, ukawakate vipande vidogo. Mwite jina lake mara moja. Akija, mpe kipande. Kisha mwambie "Kaa", na akikaa tu, mpe upesi. Kisha mwambie "Ngoja", ukahesabu moja hata tano kabla ya kumpa. Akikurukia, mgeuzie mgongo wala usimtazame, ili ajue kwamba kurukia watu hakumpatii kitu. Watu wote wa nyumbani watumie neno lile lile, la Kiswahili au la Kisukuma. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zatosha. Jua kali halifai, kwa kuwa mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu, bali hujipoza kwa kuhema.

Pili, vizuizi. Akiisha kujua kungoja, laza ufito chini, umvushe kwa kamba iliyolegea. Siku nyingine uweke juu ya matofali mawili, lakini usiufunge, ili ukiguswa uanguke wala usimwumize. Mbwa asiyetimiza mwaka mmoja asirushwe juu, maana mifupa yake haijakomaa. Ufito usipite kiwiko cha mguu wake wa mbele. Baadaye toboa gunia chini, watu wawili walishike wazi, naye apite ndani. Tena simamisha vijiti 6 kwa mstari, apite katikati yake huku na huku. Usitumie vijiti vya minyaa, kwa kuwa utomvu wake huunguza macho. Na wale wakaao karibu na machimbo ya dhahabu wachague uwanja ulio mbali na mashimo.

Kabla ya kila kizuizi mbwa akae na kungoja. Akitetemeka na kubweka, mwondoe kando, umrudishe kwenye jambo jepesi analolijua. Acha mafunzo angali anapenda kuendelea. Kesho atakuja kwa furaha.

Tatu, faida iliyo kubwa kuliko zote. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao, dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara huua. Kinga yake ni kuchanja mbwa, na wataalamu hushauri wachanjwe walau 70 katika kila 100. Lakini siku ya chanjo mbwa asiyeshikika huponyoka njiani, au hurudi nyumbani bila sindano. Basi mzoeze mbwa wako: akae, mtu mwingine amguse bega na kumshika ngozi, nawe umpe dagaa. Mbwa wa namna hiyo hamsumbui bwana mifugo.

Hata hivyo, msichanganye pupa na ugonjwa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafula, anayetokwa na mate mengi na kuuma bila kuchokozwa, hafundishwi. Waondoeni watoto, msimguse, mkatoe habari kwa bwana mifugo upesi. Mtu akiumwa na mbwa, hata kama jeraha ni dogo, alioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku ile ile aende hospitali.

Twawaomba wazee na walimu wayasome haya mbele ya watu wasiojua kusoma. Ufito mmoja, matofali mawili na dagaa wachache si gharama kubwa; maisha ya mtoto hayana bei.