Wingi wa Nukta na Bei ya Runinga

Mahindi yanapokwisha kuuzwa, maduka ya runinga mjini Songea hupata wateja wengi, na swali la muuzaji huwa moja: HD, Full HD au 4K? Katika somo hili tunaeleza maana ya majina hayo, na ni lini yanastahili kulipiwa.

Picha ya runinga bapa hujengwa kwa nukta ndogo za mwanga. Kioo cha HD kwa kawaida kina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, yaani takriban milioni moja. Full HD ina 1,920 kwa 1,080, kama milioni mbili. 4K ina 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni nane. Lakini jicho nalo lina mpaka. Mtu mwenye macho mazuri akiketi zaidi ya mita mbili kutoka kioo cha inchi 32, hawezi tena kutenganisha nukta za HD; Full HD haimwongezei kitu anachokiona. Kwa inchi 43, umbali huo ni kama mita mbili na nusu. Basi kabla ya kwenda dukani, pima kwa futi kamba kutoka ukutani hadi kwenye kochi.

Jambo la pili ni chanzo cha picha. Chaneli ya ubora wa kawaida katika king'amuzi hubeba nukta 720 kwa 576 tu, na runinga haiwezi kubuni undani ambao haukutumwa. Filamu ya 4K kwa intaneti nayo huweza kumaliza hadi gigabaiti 7 kwa saa moja. Mnunua bando anajua uzito wake. Video ya dukani imetengenezwa ili kuuza. Hatumlaumu muuzaji, ila nenda na flashi yako yenye filamu unazozitazama nyumbani.

Soma pia maandishi ya boksi kwa makini. "Inapokea 4K" si sawa na "kioo cha 4K": ya kwanza huweza kuwa runinga ya HD inayopunguza picha iliyoletewa. Uliza idadi ya nukta za kioo chenyewe.

Tuseme tofauti ya bei ni shilingi 150,000. Kwa maoni yetu, mwenye kioo kidogo na king'amuzi cha kawaida afadhali sehemu ya fedha hiyo anunulie kifaa cha kulinda umeme. Songea imeunganishwa na Gridi ya Taifa tangu mwaka 2018, lakini umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo bado huunguza runinga popote.

Dai risiti ya EFD iliyoandikwa modeli kamili, pamoja na dhamana ya maandishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Ukiuziwa HD kwa jina la 4K, risiti hiyo na boksi ndivyo vielelezo vya kupeleka Tume ya Ushindani.