Gurudumu la Lori Linaloyumba Baada ya Kugonga Ukingo: Namna ya Kutafuta Chanzo

Lori linaloondoka Ngerengere na shehena ya mahindi au ufuta hupita njia nyembamba za mji mdogo, kisha hushika barabara ya Ubena Zomozi hadi linapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro. Katika kona na vivuko vya mifereji, gurudumu la mbele au la nyuma hugonga ukingo wa zege mara nyingi kuliko madereva wanavyokiri. Gari likiendelea kwenda, jambo husahauliwa hadi usukani unapoanza kutetemeka au abiria wa nyuma anapoona gurudumu likicheza kama sinia lililopinda. Kwenye barabara ya wilaya kasi ni ndogo. Kwenye barabara kuu, gurudumu lililochomoka huviringika peke yake kuelekea kwa waendesha bodaboda na wauza matunda walio kando ya lami.

Kosa lililo la kawaida ni kukimbilia balansi au alaimenti. Alaimenti hurekebisha uelekeo wa magurudumu. Haiwezi kunyoosha rimu wala kukaza nati. Ikiwa gurudumu linayumba waziwazi hata kwa mwendo wa mtu anayetembea, kuna kitu kimepinda au kimelegea, na mashine ya balansi haitakiona. Mtetemo unaojitokeza tu kwenye kasi ya kilomita 60 hadi 80 kwa saa ndio unaoweza kutokana na risasi ya balansi iliyodondoka. Mtetemo ukisikika mikononi kupitia usukani, aghalabu chanzo ni mbele. Ukisikika zaidi kwenye kiti na bodi, ni nyuma.

Uchunguzi huanzia kwenye nati, kwa kuwa ndizo zenye hatari ya haraka na hazihitaji gharama. Michirizi ya kutu inayotoka chini ya nati, chuma kilichokwanguka na kung'aa pembeni mwa tundu, au tundu lililogeuka kuwa yai, vyote ni ushahidi kwamba gurudumu limekuwa likicheza. Malori mengi ya zamani ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi katika biashara ya mazao, yana nati za upande wa kushoto zinazokazwa kinyume cha kawaida. Stadi zake huwa na herufi L kwenye ncha. Kijana asiyelijua hilo hudhani anakaza kumbe analegeza. Aidha, matairi pacha ya nyuma ya malori hayo hufungwa kwa nati mbili katika kila stadi, ya ndani na ya nje. Kukaza ya nje pekee hakusaidii endapo ya ndani imelegea. Huna budi kulegeza ya nje, ukaze ya ndani, ndipo urudishe ya nje, stadi moja baada ya nyingine.

Nati zikiwa salama, gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, na ekseli iinuliwe kwa jeki kisha ikae juu ya stendi au gogo gumu. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya lori lililobebwa na jeki pekee. Kipande cha waya kifungwe kwenye kitu kisichozunguka, ncha yake ikaribie ukingo wa rimu bila kuugusa, kisha gurudumu lizungushwe taratibu kwa mkono. Nafasi kati ya waya na rimu ikipanuka na kusinyaa, rimu imepinda au haikukaa sawa kwenye habu. Rimu ikizunguka sawa lakini tairi ikayumba, kasoro iko kwenye tairi. Ili kutenganisha rimu na habu, gurudumu hilo lihamishiwe upande wa pili: kuyumba kukihama nalo, rimu ndiyo mbovu, kukibaki palepale, uso wa habu umeharibika.

Hapa mafundi wengi huisingizia ekseli. Ekseli ya mbele ya lori haizunguki, hivyo ikipinda haifanyi gurudumu liyumbe. Hulifanya liegemee upande mmoja, gari livute na tairi iliwe pembeni. Ni dalili tofauti na huhitaji tiba tofauti.

Kisha gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi akanyage breki. Ulegevu ukitoweka, beringi ndizo zinazohusika. Ukibaki, kingipini imekwisha. Likicheza pale tu linaposhikwa kushoto na kulia, zitazamwe ncha za tairodi na viungo vya usukani. Beringi iliyopata pigo huweza pia kunguruma gurudumu linapozungushwa, na habu yake huwa ya moto kuliko za wenzake baada ya safari fupi. Mkono usogezwe karibu tu, usiguse.

Tairi iliyotoa uvimbe ubavuni imekatika nyuzi za ndani. Haizibwi, haiwekwi nyuma ati kwa sababu kuna pacha wake, na haiuzwi kwa mtu mwingine. Rimu ya chuma iliyopinda nayo haifai kuchomwa moto na kugongwa nyundo, ingawa kazi hiyo hufanyika kila siku kwa bei nafuu. Moto hupunguza uimara wa chuma, na ufa huanza kwenye matundu ya stadi mahali macho hayafiki. Ni heri shehena ishushwe ihamishiwe lori jingine, hata kama nauli yote itaishia hapo.

Baada ya gurudumu kurudishwa, nati zikazwe kwa kukingamisha, si kwa kuzunguka, kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa lori litokalo Ngerengere, ukaguzi huo ufanyike kabla ya kuingia Morogoro mjini au baada ya kuvuka Chalinze, kutegemea liendako. Ukingo uliovunjwa nao utolewe taarifa, maana vyuma vya zege vilivyochomoza hupasua tairi ya gari lifuatalo: kwa barabara za wilaya ni TARURA, na kwa barabara kuu ni TANROADS. Asiyejua barabara iko chini ya nani aanzie ofisi ya mtendaji wa kata.