Kabla Redio Yako ya CB Haijafunguliwa: Kijitabu kwa Madereva wa Malori Marekani

Kijitabu hiki ni cha madereva wanaozungumza Kiswahili na kuendesha malori katika barabara kuu za Marekani. Wengi wetu tulijua lori kabla ya kuijua redio ya CB, na siku ya kwanza ya kuiwasha tulikuta chaneli ya 19 ina kelele kama soko la jioni. Baada ya safari mbili tatu huja swali: "Naambiwa sisikiki vizuri. Fundi wa kituo cha malori anasema akikata kipande kimoja ndani ya redio, sauti itajaa. Nimpe aifungue?"

Usimpe. Hilo ndilo jibu letu, na tunalieleza kwa kirefu kwa sababu dereva asiyesikika ana shida ya kweli, na kumkataza tu si kumsaidia.

Redio hii inafanya kazi gani

Anayevuka Wyoming kwa I-80 mwezi wa Januari anaelewa upesi. Upepo wa huko huinua theluji iliyokwisha kuanguka na kuifagilia barabarani mpaka usione taa za tela lililo mbele yako. Dereva aliyeyaona malori yamegongana akawahi kusimama ana sekunde chache za kuwaonya walio nyuma. Simu haimfai hapo, kwa kuwa hana namba ya yeyote kati yao. Kwa CB hahitaji namba. Anabonyeza, anataja kibao cha maili na upande wa barabara, na kila aliye ndani ya kilomita kadhaa mwenye redio iliyowashwa anasikia mara moja. Kanuni ya shirikisho inayomkataza dereva wa lori kushika simu akiwa anaendesha haiihesabu CB kuwa simu.

Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliwafungulia raia sehemu hii ya masafa ya megahezi 27 mwaka 1958. Zilikuwa chaneli 23. Uhaba wa mafuta wa 1973 na kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa kilichofuata viliwafanya madereva wanunue redio kwa wingi, ili waambiane penye mafuta na penye polisi. Januari 1977 chaneli zikawa 40, na mwaka 1983 leseni ya mtu binafsi ikaondolewa. Canada hutumia chaneli hizohizo 40. Ya 9 imetengwa kwa dharura na msaada kwa wasafiri. Ya 19 ni mazoea ya madereva wenyewe.

Sauti inavyolipanda wimbi

Ukibonyeza maikrofoni bila kusema neno, redio inatoa wimbi tupu lenye nguvu ya wati 4. Hilo ni wimbi mbebaji. Ukianza kusema, sauti yako inalifanya wimbi hilo lipande na kushuka, na redio ya mwenzako inasoma huko kupanda na kushuka na kukugeuza kuwa sauti tena. Hiyo ndiyo modulesheni ya AM.

Modulesheni ikifika asilimia 100, wimbi hupanda mara mbili ya kimo chake penye kilele, na hushuka mpaka sifuri penye bonde. Kimo kikiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nne, kwa hiyo wati 4 zako zinagusa 16 pale kileleni. Jirani mwenye redio, betri na kebo sawa na zako hakuzidi hapo.

Sasa fikiria maji ya kisima. Masika yatapanda, kiangazi yatashuka, lakini hayawezi kushuka chini ya sakafu ya kisima. Wimbi nalo haliwezi kuwa dogo kuliko kutokuwapo. Ukilisukuma kupita asilimia 100, linakatika: kwa kitambo kifupi mno redio haitoi kitu, kisha inaruka juu tena, mara mamia katika sekunde moja. Kila mkatiko wa ghafla huzaa masafa mengine ambayo hayamo katika sauti yako.

Ili hilo lisitokee, ndani ya kila CB halali mna saketi ndogo inayoipima sauti na kuipunguza inapokaribia kikomo. Tutaiita kidhibiti. Transista au daiodi ya hiyo saketi ndiyo kipande ambacho fundi anataka kukukatia.

Kidhibiti kikikatwa

Mshale wa mita ya wati utapanda zaidi kila unaposema, na fundi atakuonyesha kwa furaha. Mita hiyo haisikii maneno. Inapima nguvu yote inayotoka, iliyobeba sauti na iliyo takataka.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme redio yako ilitoka kiwandani ikifika asilimia 85. Kuipandisha hadi 100 kunaongeza sauti kwa desibeli 1.4 hivi, tofauti ambayo sikio haliitambui kwa urahisi, sembuse ndani ya kichwa cha lori kilichojaa mngurumo wa injini. Zaidi ya 100, sehemu ya kinachoongezeka inaangukia nje ya chaneli, na redio ya mwenzako imetengenezwa ikatae kila kilicho nje ya chaneli yake. Yeye hakipati. Anachopata ni sauti iliyosagika.

Na hapa pana jambo linalotugusa sisi kuliko madereva waliozaliwa na Kiingereza. Kwenye CB tunazungumza lugha ya watu, kwa lafudhi yetu, tukitaka kueleweka na watu wasiotuona. Sauti inapozidi husagika konsonanti, na ndizo zinazotenganisha neno na neno. Kumi na tatu na thelathini kwa Kiingereza hutofautiana kwa mwisho mdogo tu wa neno. Kumi na tano na hamsini vilevile. Ukionya kwamba ajali iko kwenye kibao fulani cha maili kwa redio inayosaga maneno, aliye nyuma anaweza kuitafuta hatari maili nyingi mbele wakati iko mlangoni pake. Dereva mwenye lafudhi anahitaji redio safi kuliko mtu yeyote barabarani.

Ile takataka iliyomwagika nje ya chaneli inakwenda kwa majirani. Chaneli nyingi za CB zimepishana kilohezi 10 tu, na sauti ya AM inaruhusiwa kuchukua upana wa kilohezi 8. Hakuna nafasi ya mtu kujitanua. Wewe ukiwa kwenye 8 au 10 na redio yako inamwaga, unaweza kumfunika mtu anayeomba msaada kwenye 9, na hutajua kamwe, kwa sababu kosa hili halisikiki kwa anayelifanya. Pia hatua ya mwisho ya redio ikisukumwa kupita kiasi huongeza mawimbi ya masafa mara mbili: megahezi 27.185 za chaneli ya 19 mara mbili ni 54.37, ndani ya chaneli ya 2 ya televisheni.

Transista ya mwisho nayo inabeba joto ambalo haikuundwa kulibeba. Ikiungua, mara nyingi inaungua ukiwa njiani.

Sheria inasemaje

Sehemu ya 95 ya kanuni za FCC inaweka wati 4 kwa AM na modulesheni isiyozidi asilimia 100. Inakataza kuibadili redio ikavunja masharti hayo, na inakataza amplifaya ya kuongeza nguvu, iwe imefichwa chini ya kiti au la. Redio ikishabadilishwa hivyo inapoteza uthibitisho wake wa FCC, na anayeshika maikrofoni anawajibika hata kama bisibisi ilishikwa na mwingine. Kuna faini, na vifaa vinaweza kuchukuliwa. Fundi aliyekwambia "kila mtu anafanya" hatakuwapo barua ikifika.

Anza na antena

Redio nyingi zinazosemwa ni dhaifu hazina ugonjwa wowote. Ugonjwa uko nje, juu ya kioo cha pembeni.

Nunua au azima mita ya SWR, chombo kidogo kinachokaa kati ya redio na kebo ya antena na kukuonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi badala ya kuondoka. Kipimo cha 1.5 ni kizuri. Kinachorudi ni kama asilimia 4. Kikiwa 2, inarudi asilimia 11. Kikifika 3, robo nzima ya nguvu inageuka njiani, na hupaswi kuendelea kurusha sauti mpaka ujue sababu.

Pima ukiwa mahali pa wazi, mbali na kuta na malori mengine, milango imefungwa. Pima chaneli ya 1, ya 19 na ya 40. Kipimo cha 40 kikiwa kikubwa kuliko cha 1, antena ni ndefu mno. Ipunguze kwa skrubu ya nchani, kidogo kidogo, ukipima kila mara. Cha 1 kikiwa kikubwa, ni fupi. Chaneli zote zikiwa juu ya 3, usiguse urefu: tafuta waya uliokatika, kiungio kilichoingia maji, au athi isiyoshika.

Athi ndiyo huwaangusha wengi. Antena ya lori inahitaji bodi ya chuma kuwa nusu yake ya pili. Vioo vya malori mengi vimefungwa kwenye fibaglasi au plastiki, au breketi imekaa juu ya rangi na kutu, na hapo antena inabaki imening'inia hewani kwa umeme hata kama imekazwa kwa spana. Chukua malitimita, weka ncha moja kwenye breketi na nyingine kwenye hasi ya betri. Usomaji uwe karibu na sifuri. La sivyo, kwangua rangi mpaka uone chuma, au vuta waya mnene na mfupi wa athi kutoka kwenye breketi hadi kwenye fremu.

Wenye antena mbili, moja kila kioo, wakumbuke kwamba mbili hizo hufanya kazi kwa pamoja kupitia kebo yao maalumu. Moja ikivunjwa na tawi, nyingine haijitoshelezi, na kipimo kinaharibika.

Faida ya antena nzuri huja pande zote mbili: unasikika zaidi na unasikia zaidi. Kukata kidhibiti hakukusaidii kumsikia mtu hata mmoja.

Maikrofoni na mdomo

Shika maikrofoni vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili pumzi isipige ndani. Sema kwa sauti ya kawaida. Kidhibiti hushusha kila sauti inayozidi, kwa hiyo kupiga kelele hakuongezi kitu. Bonyeza, subiri kidogo, ndipo useme. Maneno mengi ya kwanza hupotea kwa sababu kidole na mdomo vimeanza pamoja. Maikrofoni ya kiwandani iliyozeeka kamba inaweza kukupa sauti hafifu ambayo fundi ataiita ugonjwa wa redio. Jaribu ya mwenzako yenye plagi ileile kabla ya kulipa.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Kuna matengenezo halali. Fundi mwenye sifa anaweza kurekebisha redio iliyolegea irudi kwenye wati 4 na modulesheni iliyo karibu na 100 bila kuipita. Akifanya hivyo, utaona osiloskopu mezani, inayoonyesha umbo la wimbi, na antena bandia isiyorusha hewani. Mwambie akuonyeshe kwenye osiloskopu kwamba bonde la wimbi halikatiki ukiongea kwa nguvu. Akiwa na mita ya wati peke yake, shukuru, chukua redio yako uondoke.

Tangu 2021 FCC inaruhusu pia FM kwenye CB, na redio mpya nyingi zinayo. Sauti yake ni safi, ila mwenzako lazima naye awe kwenye FM, na chaneli ya 19 ingali ya AM.

Ukimaliza kurekebisha antena, ingia barabarani uombe mtu akujibu. Akisema anakusikia, usiishie hapo. Muulize yuko kwenye kibao cha maili ya ngapi, ulinganishe na chako, kisha uandike tarehe na umbali huo kwenye daftari lako.