Mashine ya Boti Isiyokula Mafuta

SWALI: Mimi ni mkazi wa Isiolo, na ndugu zangu huvua Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani, kwa boti ya mbao ya mita 7. Tununue mashine gani itupunguzie gharama ya petroli?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kuwa petroli huwafikia ndugu zako baada ya safari ndefu ya nyika, na bei yake haikosi kupanda njiani, nawanasihi wachague mashine ya mipigo minne, ya nguvu-farasi 15, kwani ile ya mipigo miwili yenye kabureta, ijapokuwa ni nyepesi na rahisi kutengeneza, hutoa nje sehemu ya petroli pamoja na moshi kabla haijaungua, na juu ya hayo hutaka kuchanganyiwa oili, aghalabu lita 1 kwa lita 50. Msishuke mno chini ya nguvu hiyo kwa tamaa ya akiba, maana upepo wa kusini-mashariki wa ziwa lile ni mkali, na uhai wa wavuvi ni azizi kuliko mafuta.

Kabla ya kulipa, pimeni kimo cha ubao wa tezi: inchi 15 hutaka mashine ya mguu mfupi, inchi 20 ya mguu mrefu. Hakikisheni pia kwamba vipuri vyapatikana karibu, na fundi vilevile. Kisha, boti ikishika mwendo, punguzeni moto kidogo. Hapo ndipo israfu kubwa huepukwa.